Hosi za Suka za Stenlesi na Fitingi Zake kwenye Gari za Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayojirudia kila mtu akitaka kutoa mipira ya maji ya kawaida kwenye gari yake ya zamani aweke zile hosi za waya wa kusuka. Yamepangwa kuanzia ya mwanzo kabisa mpaka yale ya watu wachache wenye gari za aina yake. Kama jibu lipo kwenye swali lingine utaelekezwa huko kwa namba.

## Mwanzo kabisa

1. Hosi ya suka ni kitu gani hasa?

Ni mpira kama mpira mwingine wowote, ila nje umevikwa wavu wa waya nyembamba za stenlesi zilizosukwa. Nyingine katikati zina safu ya nailoni au uzi. Sasa sikiliza hapa maana ndo msingi wa kila kitu kwenye ukurasa huu: kinachozuia maji yasitoke ni mpira wa ndani, sio waya. Waya kazi yake ni kuuzuia mpira usivimbe presha ikipanda na kuukinga usikwaruzwe. Mpira ukifa ndani, waya utaendelea kung'aa tu huku maji yanapita kwenye matundu yake.

2. Nikifunga hizi injini itapoa zaidi?

Hapana. Joto linatolewa na rejeta, feni, wota pampu na thamostati. Kama gari inachemsha tafuta sababu huko, usinunue hosi ukitegemea zikutibie. Tena ukichagua saizi vibaya unaweza kupunguza mzunguko wa maji ukaongeza shida, angalia swali la 6.

3. Presha ya maji kwenye gari ya zamani ni ndogo, sasa waya wa nini?

Swali zuri na ni kweli kabisa. Mifuniko mingi ya rejeta za zamani ni ya psi 4 au 7, za baadaye ndo zikafika 13 mpaka 15, na hosi ya suka inabeba presha mara nyingi zaidi ya hiyo. Kwa hiyo presha sio sababu ya kuzinunua.

Sababu za kweli ni nyingine. Hosi ya suka haikwaruziki kirahisi, inavumilia kurushiwa mawe chini ya gari, inapita kwenye njia ambazo mpira wa kiwandani haukutengenezewa (mfano umebadilisha injini au umehamisha hita), na fitingi zake zinafunguka kwa spana bila kuukata mpira uliogandia kwenye bomba. Na ndiyo, zinapendeza boneti ikifunguliwa, hakuna aibu kusema hivyo.

4. Nitaiharibu thamani ya gari yangu?

Inategemea gari ni ya nini. Kama inaenda kwenye mashindano ya gari zilizobaki kama zilivyotoka kiwandani, majaji wanaangalia mpaka aina ya klipu, kwa hiyo baki na mpira na klipu za wakati wake. Klipu ya kukaza kwa skrubu yenyewe ni kitu cha zamani, ilisajiliwa Uingereza mwaka 1921 na Lumley Robinson, sasa ukiweka fitingi za rangi ya bluu na nyekundu kwenye gari ya miaka ya 1950 kila mtu anaona.

Kama ni gari ya kuendesha basi uhuru ni wako, ila fanya kazi inayorudishika. Usikate bomba la shaba la asili, usitoboe bodi, usichonge thredi mpya kwenye silinda hedi kama kuna adapta inayoingia kwenye thredi iliyopo. Vitu vyote ulivyovitoa viweke kwenye boksi uandike ni vya gari gani. Atakayeimiliki baada yako atakushukuru sana.

## Kuchagua hosi

5. Nichukue ya mpira gani ndani?

Hapa ndo watu wengi wanaangukia, kwa sababu nje zote zinafanana kabisa, ukiziweka mezani huwezi kujua ipi ni ipi.

Mpira wa EPDM ndo rafiki wa maji ya moto na kulanti (maji ya rejeta yenye dawa), mipira mingi ya rejeta na hita ya kiwandani ni EPDM. Adui yake ni mafuta: petroli, dizeli, oili na grisi vinaufanya uvimbe na kulegea. Nitraili ni kinyume, imezaliwa kwa ajili ya oili na petroli, na hosi nyingi za suka zinazouzwa kwa ajili ya gari za mashindano ndani ni nitraili au mchanganyiko wa jamii hiyo. Zipo ambazo mtengenezaji ameziruhusu kwa kulanti na zinafanya kazi vizuri tu, ila soma karatasi yake, iwe imeandikwa kwa maneno kwamba inafaa kwa kulanti na kwa joto gani. Joto lenyewe usilichukulie poa, maji matupu chini ya presha ya psi 15 yanachemka kwenye nyuzi kama 120 hivi sio 100, kwa hiyo hosi inayoishia nyuzi 100 haikufai.

PTFE, ile plastiki nyeupe ngumu, ni nzuri mno kwa breki na petroli. Kwenye maji inafanya kazi ila haina sababu: ni ngumu kukunja, ukiikunja sana inavunjika mkunjo ambao haurudi, na fitingi zake ni tofauti kabisa (swali la 10).

6. Hizi namba, dash 6, dash 10, dash 12, maana yake nini?

Ni sehemu za kumi na sita za inchi. Dash 8 ni 8/16 yaani nusu inchi, dash 10 ni 5/8, dash 12 ni 3/4, dash 16 ni inchi moja. Mtindo huu ulitoka kwenye ndege za jeshi la Marekani, ndo maana fitingi zinaitwa AN, yaani Army-Navy, jeshi la nchi kavu na la majini.

Mtego ni huu: ile namba inahusu kipenyo cha nje cha bomba la chuma ambalo fitingi ilitengenezewa, sio tundu la ndani la hosi. Hosi ya dash 10 tundu lake ni kama inchi 0.56 (milimita 14), ya dash 12 ni kama 0.69 (milimita 17 na nusu). Na ile nipo (nipple), yaani kijibomba cha fitingi kinachoingia ndani ya hosi, inabana tena zaidi. Kwa hiyo ukitoa mpira wa hita wa 5/8 ukaweka dash 10 umeshapunguza njia kidogo. Kwa hita haina noma, hita inaridhika. Ila kwa njia ambayo injini inaitegemea, mfano bypass (kijia cha maji kuzunguka wakati thamostati imefunga) au njia ya kwenda kwenye tanki la kulanti lenye presha, mi ningepanda saizi moja juu.

7. Zile hosi kubwa mbili za rejeta, ya juu na ya chini, naweza kuzifanya za suka?

Inawezekana ila fikiria mara mbili. Midomo ya rejeta nyingi ni ya milimita 32 mpaka 38 au zaidi, na dash 20 ni inchi moja na robo tu kwa hesabu ya jina, tundu la kweli liko chini ya hapo. Ili uifunge lazima mtu akuchomelee fitingi kwenye rejeta na kwenye kiwiko cha thamostati, hosi yenyewe kwa saizi hiyo ni nzito na haikunji kirahisi, na uzito wote unaning'inia kwenye midomo ya shaba nyembamba iliyochomelewa kwa risasi miaka 50 iliyopita. Midomo hiyo inachoka, inapasuka shingoni.

Ushauri wangu bila kupepesa: hita, bypass, tanki na vijia vidogo fanya suka. Zile mbili kubwa acha mpira mzuri wa EPDM uliofinyangwa kwa umbo la gari yako. Hata gari nyingi za mashindano zimeacha hivyo hivyo.

8. Na zile seti za soksi ya waya unayovalisha juu ya mpira wa kawaida?

Hizo ni urembo. Unavuta soksi ya stenlesi juu ya mpira, mwisho unafunika kwa kofia ya rangi ambayo ndani ina klipu ya kawaida. Hazina ubaya kama mpira chini ni mpya na klipu imekaa kwenye mpira wenyewe, sio juu ya waya. Ubaya unakuja pale mtu anapovalisha soksi juu ya mpira wa zamani ili ufichike. Mpira uliochoka unauona kwa macho na kuuminya kwa vidole, sasa ukiufunika umejinyima njia zote mbili.

Kuna pia yale mabomba ya stenlesi yenye mikunjo mikunjo, unayakunja kwa mkono, mwisho yana vipande vya mpira na klipu. Hayo yanakaa vizuri kwa gari ya maonyesho. Kwa gari ya safari ndefu siyapendi, maana hayavumilii mtikisiko wa injini kila siku kwenye mikunjo ile ile.

9. Mini yangu ile hosi fupi ya bypass inanisumbua, nikiweka ya suka nitapona?

Kila mwenye injini ya A-series, ile ya Mini za zamani, anaijua hiyo, kipande kifupi kati ya wota pampu na silinda hedi, nafasi hakuna, vidole haviingii. Kwa urefu ule hosi ya suka yenye fitingi haiwezi kukaa, fitingi mbili peke yake zinamaliza nafasi. Watu wanatumia ile ya mikunjo inayominywa ikaingia bila kufungua hedi, au mpira mzuri wa silikoni au EPDM wenye klipu ndogo. Ukifungua hedi au wota pampu kwa sababu yoyote, badilisha na hiyo hosi siku hiyo hiyo hata kama inaonekana nzima.

## Fitingi

10. Fitingi zinatofautiana vipi?

Ya kwanza ni ya vipande viwili inayofunguka na kutumika tena: kuna kikombe kinachovaa nje ya hosi na nipo inayojisokota ndani, mpira na waya vinabanwa katikati. Hii ndo ya kufanya mwenyewe nyumbani.

Ya pili ni ya PTFE, inafanana kwa nje ila ndani ina kipete kidogo kinachokaa kati ya plastiki na waya. Usichanganye na ya kwanza hata siku moja. Zitaingia, zitakaza, halafu zitachomoka.

Ya tatu ni ya kusukuma, nipo yenye meno inayoingia kwenye hosi maalumu isiyo na waya nje. Hosi yenyewe ndo inajibana, na ukiongeza klipu juu yake unaukata mpira kwenye meno. Ya nne ni ya kubanwa kwa mashine, haifunguki, ila ikifanywa na mtu mwenye mashine na vipimo sahihi ni imara na ni nyembamba, inapita pasipopita nyingine.

11. AN, JIC na za hydroliki za mtaani ni kitu kimoja?

AN na JIC (fitingi za hydroliki za viwandani) zote zina mdomo uliochongwa kwa pembe ya nyuzi 37 na kwa saizi nyingi thredi zake zinalingana, kwa hiyo kwenye maji watu wanazichanganya na zinashika. AN za gari mara nyingi ni aluminiamu nyepesi, JIC ni chuma. Tatizo ni zile za mdomo wa nyuzi 45 zilizoko kwenye mabomba mengi ya gari za zamani. Baadhi ya saizi thredi inaingiliana kabisa, unakaza unasikia imeshika, lakini midomo inagusana kwenye mstari mwembamba tu. Itavuja leo au itavuja kesho. Kama hujui mdomo uliopo ni wa nyuzi ngapi, pima kabla hujanunua chochote.

12. Adapta inaingia raundi mbili halafu inagoma, shida nini?

Karibu kila mara ni NPT dhidi ya BSP. Gari za Marekani zina NPT, za Uingereza za zamani utakuta BSP. Zote ni thredi za bomba, zote zinaitwa robo, nusu, robo tatu, lakini pembe ya thredi ni nyuzi 60 kwa NPT na 55 kwa BSP. Kwenye robo na 3/8 hesabu ya thredi nayo inatofautiana, NPT ni 18 kwa inchi na BSP ni 19, kwa hiyo inagoma mapema na unajua. Hatari zaidi ni nusu inchi, hapo zote ni 14 kwa inchi! Inaingia vizuri, unaona raha, kumbe unaliharibu tundu la aluminiamu kidogo kidogo.

Gari za Ujerumani na Japani nazo tarajia thredi za milimita, na mara nyingi zinazibwa kwa washa ya shaba au aluminiamu. Nunua kipimo cha thredi, ni kile chenye visu visu, bei yake ni ndogo kuliko hedi.

13. Nizungushe tepu ya thredi kila sehemu?

Hapana! Thredi nyembamba kuelekea mbele kama NPT ndo zinataka dawa, tumia dawa ya majimaji ya kuzibia au tepu raundi chache ukiacha thredi ya kwanza wazi ili vipande visiingie kwenye mfumo vikaziba rejeta. Mdomo wa AN wa nyuzi 37 unaziba chuma kwa chuma, ukiweka tepu pale unaharibu. Weka tone la oili kwenye thredi tu, basi.

14. Naweza kuchomeka hosi ya suka kwenye bomba la kawaida nikabana na klipu ya skrubu?

Inaonekana sana na haifai. Waya haukandamiziki kama mpira, klipu inabana waya unaona imekaza kumbe mpira chini yake haujagusana sawasawa na bomba. Nyuzi za waya nazo zinachomoka pembeni na kutoboa vidole. Kama bomba lako halina thredi tafuta adapta inayogeuza bomba laini kuwa AN, au umalizie na kipande kifupi cha mpira.

## Kukata na kufunga

15. Nakata vipi bila waya kufumuka?

Zungushia tepu ngumu pale unapotaka kukata, raundi tatu nne, ikaze kweli. Kata katikati ya tepu, halafu tepu isitoke mpaka hosi imeingia kwenye kikombe. Grainda yenye diski nyembamba inakata safi, mkasi maalumu wa hosi pia, na wengine wanatumia patasi pana yenye makali juu ya kipande cha chuma kwa pigo moja zito. Msumeno wa chuma wenye meno madogo unafanya kazi ila unavuta waya.

Kata iwe imenyooka. Ukitumia grainda mpira unaungua kidogo na vumbi la chuma na la diski linajaa ndani, kwa hiyo piga hewa pande zote mbili, pitisha kitambaa, osha kwa maji ya sabuni, piga hewa tena. Vumbi hilo ukiliacha linaenda moja kwa moja kwenye sili ya wota pampu. Vaa miwani na glavu, zile nyuzi zinaingia kwenye ngozi kama sindano na kuzitoa ni kazi.

16. Fitingi inaingiaje?

Shika kikombe kwenye vaisi yenye midomo laini ya aluminiamu au plastiki. Ingiza hosi kwa kuizungusha kinyume cha saa huku unasukuma, mpaka ifike chini ya thredi za ndani, isizidi hapo. Sasa weka alama kwa kalamu au tepu kwenye hosi pale kikombe kinapoishia.

Paka nipo kilainishi. Kama hosi ni EPDM usipake oili, tumia maji ya sabuni au kulanti yenyewe. Anza kwa mkono uhakikishe thredi zimeshikana sawa, halafu spana, mpaka libaki pengo dogo lisilozidi milimita moja kati ya kikombe na nipo. Tazama ile alama. Kama hosi imerudi nyuma hata kidogo, fungua uanze upya, maana ndani hakuna cha kutosha kilichobanwa. Hii alama watu wanairuka kwa sababu inaonekana ni ya wanaoanza, lakini mafundi wa miaka mingi wanaiweka kila mara.

Ukimaliza chungulia ndani kwa tochi. Wakati mwingine nipo inachana mpira na kipande kinakaa kama mlango, maji yanapita upande mmoja na kugoma upande mwingine.

17. Nipime urefu gani?

Usiivute ikanyooka. Injini inacheza kwenye mauntingi zake, hasa ukikanyaga mafuta, wakati rejeta na hita vimefungwa kwenye bodi, kwa hiyo hosi lazima iwe na ziada ya kutosha kufuata. Pia hosi ya suka inabadilika urefu kidogo presha ikipanda.

Funga upande mmoja, pitisha hosi njia yote itakayokaa, ndo ukate. Kona kali usiikunje hosi, nunua fitingi ya nyuzi 45, 90 au 120. Kama pande zote mbili ni za kona, zielekeze sawa kabla hujakaza kabisa, maana hosi ikikaa imejisokota itakuwa inajaribu kujifungua yenyewe kila injini ikitikisika.

18. Nikaze kiasi gani?

Aluminiamu ni laini. Mkono mpaka iguse, halafu spana kidogo, robo raundi hivi, na kama mtengenezaji ametoa namba za toki (nguvu ya kukaza) fuata hizo. Tumia spana mbili siku zote, moja ishike upande wa pili, vinginevyo nguvu yote inaishia kwenye shingo ya rejeta. Ikivuja fungua utazame mdomo kama una uchafu au mkwaruzo, usiongeze nguvu juu ya nguvu.

## Chini ya boneti

19. Ni kweli waya unakata vitu?

Ni kweli na watu hawaamini mpaka waone. Waya wa stenlesi ukigusa kitu huku injini inatetemeka unafanya kazi ya msumeno, unakula rangi, unakula aluminiamu, unakula ngozi ya waya za umeme na hosi nyingine. Mpira wa kawaida ukisugua chuma mpira ndo unaumia, hapa ni jirani anayeumia.

Funga klipu zenye mpira ndani kila sehemu hosi inapopita karibu na kitu, iache nafasi, na penye ulazima wa kugusana valisha ala ya nailoni au ya mpira. Ukishaendesha siku kadhaa fungua boneti uangalie kila mahali pana alama ya kung'aa, hapo ndo panaposuguana.

20. Hosi imepata moto sana mpaka fitingi imebadilika rangi, lakini maji hayachemki. Inakuwaje?

Angalia waya wa ethi wa injini. Stenlesi inapitisha umeme, na hosi yako imeunganisha injini na bodi. Ethi ikiwa imekatika au imeota kutu, stata ikipigwa umeme unatafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri, na hosi inaweza kuwa hiyo njia. Rekebisha ethi kwanza, halafu hiyo hosi itoe, mpira wake umepikwa.

Kwa sababu hiyo hiyo usipitishe hosi ya suka karibu na nati ya stata au kichwa cha betri. Ikigusa ni cheche.

21. Kwa vile ni chuma, inaweza kupita karibu na egzosti?

Chuma kinapata moto na kinaupeleka kwenye mpira. Kaa mbali, na kama hakuna njia nyingine weka ala ya kuzuia joto au bati la kukinga katikati.

## Baada ya kufunga na kuendelea

22. Hewa imenasa, hita haitoi joto. Zamani nilikuwa naminya mpira, sasa?

Hosi ya suka haiminyiki, ndo moja ya gharama zake. Fungua vali ya hita kabisa, inua pua ya gari ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko kila kitu, jaza polepole na legeza fitingi ya juu kabisa ya njia ya hita mpaka yatoke maji bila mapovu. Fanya hivyo injini ikiwa baridi. Wakati wa kupanga njia mwanzoni epuka kuifanya hosi ipande halafu ishuke katikati, hapo ndo hewa inapojificha.

23. Napimaje kama kila kitu kimeshika?

Pampu ya mkono ya kupimia rejeta. Pandisha mpaka presha iliyoandikwa kwenye mfuniko wako na usizidishe, rejeta ya psi 7 ukiipiga 15 unatafuta kazi ya kuchomelea. Iache robo saa, tazama sindano, pitisha karatasi kavu chini ya kila fitingi. Baada ya hapo washa mpaka thamostati ifunguke, zima, subiri ipoe kabisa, pima tena. Mfuniko usiufungue ikiwa ya moto, hata robo raundi.

24. Kulanti gani?

Kwa rejeta ya shaba iliyochomelewa kwa risasi, wengi wenye gari za zamani wanabaki na kulanti ya mtindo wa zamani yenye silikati, na wanabadilisha kila miaka miwili kwa sababu dawa yake ya kuzuia kutu inaisha. Zile za maisha marefu za kisasa baadhi hazielewani na risasi na gasketi za zamani. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi unatosha. Maji matupu ya bomba ukishaweka fitingi za aluminiamu ni kuita kutu, angalia swali la 26. Na ikimwagika ifute, ethilini glaikoli ina utamu na inaua mbwa na paka.

25. Inavuja ila sioni wapi, waya umelowa kote.

Maji yakitoka kwenye tundu la mpira yanatembea ndani ya wavu, yanatokea sehemu nyingine kabisa, mara nyingi kwenye fitingi ya chini. Kwa hiyo ukiona fitingi imelowa usikimbilie kuikaza. Ikaushe kwa hewa, vaa glavu uchunguze waya wote kama kuna uzi uliokatika au doa la rangi ya kulanti, halafu piga presha kama swali la 23 ukiwa unaangalia. Kama imelowa juu ya fitingi, hosi imekufa. Hakuna kiraka.

26. Fitingi za aluminiamu zimeliwa ndani, zina vishimo.

Metali tofauti ndani ya maji yanayopitisha umeme: shaba ya rejeta, chuma cha bloku, aluminiamu yako. Kulanti nzuri ndo inayozuia, ikichoka aluminiamu inaliwa kwanza. Pima kwa mita: ncha hasi kwenye hasi ya betri, ncha chanya ichovye kwenye maji ya rejeta bila kugusa chuma. Ikae chini ya voti 0.1, ikikaribia 0.3 kuna shida. Kama namba inaruka ukiwasha feni au taa, ethi ya kifaa hicho ni mbovu na umeme unapita kwenye maji. Kwa gari inayokaa miezi bila kuwashwa mi ningeweka fitingi za chuma au shaba sehemu zilizo ndani ya maji, uzito unaoongezeka ni mdogo.

27. Hosi inakaa miaka mingapi?

Fuata mtengenezaji kama ametoa muda. Kwa vile huwezi kuuona mpira, funga kitambulisho kidogo kwenye kila hosi chenye mwezi na mwaka uliofunga, na usisubiri ivuje. Kila ukifungua fitingi chungulia ndani: ukiona nyufa, mpira umekuwa mgumu au umevimba, badilisha zote za umri huo. Kikombe na nipo vinaweza kutumika tena kama thredi na mdomo ni safi.

## Gari za aina yake

28. Gari yangu haina wota pampu, maji yanazunguka yenyewe.

Mfano Ford Model T, karibu zote zilikuwa hivyo: maji ya moto yanapanda, ya baridi yanashuka, hakuna presha wala nguvu. Mfumo huo unategemea mabomba mapana na mafupi. Usiweke hosi ya suka wala fitingi yoyote inayopunguza njia, itachemsha. Mpira mpana na klipu, mwisho.

29. Hosi ya chini inanywea nikiongeza moto, nikiweka ya suka itaacha?

Upande wa chini wota pampu inavuta, kwa hiyo mpira laini unanywea, ndo maana nyingi zina springi ndani. Waya wa suka unazuia kuvimba, haujatengenezwa kuzuia kunywea. Weka mpira wenye springi, na uangalie kama rejeta imeziba au mfuniko haurudishi maji.

30. Volkswagen Beetle je?

Beetle ya zamani inapozwa kwa hewa, haina kulanti kabisa. Hosi za suka humo utazikuta kwenye oili ya kwenda kwenye kipoza oili cha nje, na hapo jibu la swali la 5 linageuka: chukua nitraili au PTFE, EPDM isikaribie.